Vinyanya vya Nyuma ya Laini Si Sehemu ya Mshahara



Leo tunazungumza juu ya vinyanya. Tunasema vile vidogo vya mviringo, vilivyozidi zabibu kidogo tu, vinavyoota vyenyewe kwenye jalala nyuma ya nyumba zetu za laini, na ambavyo watoto huchuma na kula wakitoka shule. Waganda huita nyanya ennyaanya, wengine wetu tuna majina mengine tuliyotoka nayo makwetu, lakini kinyanya hiki kila mmoja anakijua.

Wapo watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na vinyanya? Tunajibu kwamba kila kinachoingia katika sufuria ya mfanyakazi ni kazi ya chama. Tena iko sababu ya pili. Tukikaa na waajiri kudai nyongeza, bustani zetu nazo huletwa mezani, na si sisi tunaozileta.

Kwa hiyo tunautoa msimamo wetu mapema, asiwepo wa kusema hakuusikia. Tupande vinyanya, na tuvipande kwa bidii. Lakini tusikubali hata siku moja vinyanya hivyo vihesabiwe katika mshahara.

KWA NINI HIVI VIDOGO

Asili ya nyanya ni Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes. Watu wa Mexico waliilima zamani sana, na Wahispania wakaivusha bahari katika karne ya 16. Nyanya kubwa za sokoni ni watoto wa hivi vidogo. Vinyanya viko karibu zaidi na mzee wao wa porini, na ndiyo maana ni vigumu kufa. Ndege hula na kuangusha mbegu, mvua hunyesha, mche huota bila kuombwa.

Kwa mtu anayeishi laini, kinyanya kina faida nne. Kwanza, hakitaki nafasi kubwa: miche mitano au sita hukaa kwenye ukuta wa jiko. Pili, hakizai mara moja na kuisha. Mche mmoja ukitunzwa huendelea kutoa vishada kwa wiki nyingi, leo konzi moja, keshokutwa konzi nyingine. Kwa mtu asiye na mahali pa kuhifadhi chakula, hilo ni jambo kubwa. Tatu, mbegu yake ni yako. Ukiwa nayo mara moja hununui tena. Nne, kinaongeza kitu ambacho posho na maharage peke yake havina. Nyanya ina vitamini C, na vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na dodo. Mama mjamzito na mtoto wanaihitaji.

NAMNA YA KUVIPANDA

Mwenye mbegu za kununua aangalie kwanza kama ni chotara. Chotara huzaa vizuri mara ya kwanza, lakini mbegu zake ukizipanda tena hazifuati mama yao. Mbegu za kienyeji hufuata. Chagua kinyanya kilichoiva sawasawa kutoka kwenye mche wenye afya. Kikamue ndani ya kikombe, mbegu pamoja na maji yake, uache siku mbili au tatu mpaka vichachuke. Kisha osha, mwaga zinazoelea, anika kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi maana zitaganda. Zikikauka, funga na uweke mahali pakavu. Mbegu hizo zitakaa miaka kadhaa.

Kitalu kiwe kidogo, hata sanduku au debe lililotobolewa chini. Baada ya wiki nne hadi sita, mche ukifika urefu wa shibiri moja, uhamishe jioni jua likishapoa. Uzike mpaka karibu na majani ya chini, kwa sababu shina la nyanya hutoa mizizi likifunikwa na udongo. Acha sentimeta 60 kati ya mche na mche. Changanya udongo na samadi iliyooza au mboji ya maganda na majivu kidogo. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Chomeka mti imara kabla mche haujakua, ili usije ukachoma mizizi baadaye. Funga shina kwa kamba ya mgomba, usikaze. Vichipukizi vinavyotoka kwenye kwapa la jani vipunguze. Ukiviacha vyote utapata msitu wa majani. Maji mwaga kwenye shina asubuhi, usinyunyizie majani. Siku kavu mche mmoja unataka lita moja hadi mbili. Usiuache ukauke wiki nzima kisha ukaugharikisha, maana ngozi ya kinyanya ni nyembamba na hupasuka.

Upande wetu huu wa Uganda wenye mvua mbili kwa mwaka, ni vizuri matunda yaje mvua zikipungua. Anayeweka mbegu kitaluni mwezi wa nne atahamisha mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa sita, na atachuma kuanzia mwezi wa saba au wa nane. Mvua kubwa pamoja na baridi huleta ukungu unaofanya majani yawe meusi kwa siku chache. Dawa rahisi ya maskini ni kupanda chini ya ukingo wa paa, pasiponyeshewa sana, na kung'oa majani ya chini yanayogusa udongo.

Mche ukinyauka ghafla mchana kweupe hali majani bado ya kijani, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa, choma, na mahali hapo usirudie nyanya, viazi ulaya, biringanya wala tumbaku, maana ni ukoo mmoja. Panda mahindi au maharage. Yuko pia kiwavi anayechimba ndani ya majani na matunda, wataalamu humwita Tuta absoluta. Naye ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Alifika Kenya mwaka 2014 na Uganda mwaka 2015. Ukiona njia nyeupe kwenye jani, chuma jani hilo, lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uuache juani mpaka viwavi wafe.

Na wenzetu wavuta sigara, nawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche. Tumbaku hubeba virusi vya ugonjwa vinavyoingia kwenye nyanya.

TAHADHARI YA SUMU

Hapa tunasema kwa ukali kidogo. Wengi wetu tunapulizia dawa kwenye miwa, chai na maua. Vile vibuyu na madebe ya dawa vikiisha hupendeza macho, kwa sababu ni imara na vina mfuniko mzuri. Ndugu, usipande kinyanya ndani yake. Usibebee maji, usimpe mtoto achezee. Kuosha mara tatu, hata mara kumi, hakulifanyi debe la sumu kuwa chombo cha chakula. Jerikani iliyobeba mafuta ya kupikia ikitobolewa chini inatosha.

Nguo za kazi za mpulizaji zisifuliwe karibu na bustani. Kama upepo unaleta dawa ya magugu kutoka shambani mpaka laini, utaona majani ya nyanya yanajikunja na kupindapinda, maana nyanya ni mwepesi wa kudhurika na baadhi ya dawa hizo. Ukiona hivyo, usiseme ni bahati mbaya. Mwite mjumbe wa chama aje aone. Dawa iliyofika kwenye majani imefika pia kwenye mapafu ya watoto.

Na nyanya tunazonunua sokoni zenye vumbi jeupe la dawa ya ukungu, tuzioshe kwa maji mengi. Anayelima mwenyewe ana raha hii: anajua kilichomwagwa na kisichomwagwa.

HESABU YA MWAJIRI

Sasa tuje kwenye mshahara.

Tangu zamani, mwenye shamba kubwa amekuwa na hesabu yake. Wakati wa ukoloni alileta vijana kutoka West Nile, Rwanda na Burundi kuja kukata miwa na kulima pamba na kahawa. Alipowapangia mshahara alisema: huyu ni mtu mmoja, mkewe yuko nyumbani na shamba lake, wanajilisha. Basi akamlipa ya mtu mmoja, na hata hiyo haikutosha. Jembe la mama kule kijijini ndilo lililokuwa likimlipia tajiri sehemu ya mshahara, naye mama hakuwahi kuona risiti.

Hayo si maneno ya chama peke yake. Mwaka 1954, katika nchi jirani ya Kenya, kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, ikiongozwa na F. W. Carpenter, ilieleza kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepigwa kwa mahitaji ya mtu asiye na familia. Ikapendekeza mshahara unaomtosha mtu pamoja na familia yake. Mkoloni alikiri kwa kalamu yake.

Angalieni na neno posho. Katika Kiswahili posho ni mgawo, kile anachopewa mtu kwa kipimo. Hapa Uganda posho imekuwa jina la chakula chenyewe, ugali wa mahindi. Mgawo wa unga uliotolewa kazini, jeshini na shuleni ulizoeleka mpaka ukala jina la chakula. Na kila unga ulipopimwa, aliyepima alijua kwamba unahesabiwa katika malipo. Tusingoje siku ambayo vinyanya navyo vitaitwa posho.

Hatusemi haya kwa kuota. Katika mazungumzo ya mshahara kwenye shamba moja, wajumbe wetu walikuja na bei za unga, sukari, sabuni na ada za shule. Upande wa pili wa meza haukubisha bei hata moja. Ulijibu tu kwamba wafanyakazi wamepewa ardhi nyuma ya nyumba, wanalima mboga na nyanya, hivyo gharama zao za chakula zimepungua. Bustani tulizolima kwa jasho letu jioni zikageuka kuwa nyongeza ambayo kampuni imekwisha kutoa.

Wenzetu, tuipige hesabu hiyo sawasawa. Mwajiri ametoa nini? Kipande cha udongo kando ya laini ambacho hakifai muwa wala chai. Mbegu ni yetu. Samadi tumeokota sisi. Maji tumebeba kichwani. Saa ni zetu, zile zilizobaki baada ya kazi yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida cha kazi. Kazi ya jioni kwenye bustani haimo katika saa hizo, wala mwajiri hailipi. Itakuwaje aihesabu kuwa ni malipo yake kwetu?

Sheria hiyo hiyo inasema mshahara ulipwe kwa fedha halali. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ambao Uganda imeukubali, unasema sehemu ya mshahara ikilipwa kwa vitu, vitu hivyo viwe vya kumfaa mfanyakazi na familia yake, na bei yake iwe ya haki. Hapo panazungumzwa vitu anavyotoa mwajiri. Kitu alichojipandia mfanyakazi mwenyewe hakimo.

KILO MOJA YA NYANYA

Na hata kama tungekubali, kwa mchezo tu, kuvihesabu, vingelipa nini?

Nyanya karibu yote ni maji. Kilo moja nzima ina nguvu ya mwili inayopatikana katika gramu 50 hivi za unga wa mahindi, yaani konzi ndogo. Mkata miwa anayeinama na panga tangu alfajiri atakula kilo ngapi ili amalize kipande chake? Kinyanya ni kitoweo, ni ladha na afya. Hakibebi mzigo wa siku ya kazi.

Kinyanya hakilipi ada ya shule. Hakinunui sabuni, chumvi, mafuta ya taa wala dawa ya malaria. Hakimpeleki mtu kijijini kwenye msiba. Tena siku mfanyakazi akiachishwa kazi au akizeeka, anatoka kwenye nyumba ya kampuni, na bustani inabaki. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sembuse mtegemea udongo wa mwajiri!

Hapa Uganda kima cha chini cha mshahara kilipangwa mara ya mwisho mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo fedha hiyo haitoshi hata nauli ya kutoka Jinja kwenda Kampala. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya, Rais hakuutia sahihi. Katika nchi ambayo sheria imelala hivyo, kinachobaki kumlinda mfanyakazi ni mapatano ya chama chake. Na mapatano hayo ndiyo wanayotaka kuyatoboa kwa kinyanya.

WENZETU WANAOPINGA

Wako wenzetu wanaosema: basi tusilime kabisa, tumnyime mwajiri hoja. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Kumkasirikia tajiri kwa kujinyima mboga ni kumwadhibu mtoto wako. Wakati ambapo hakukuwa na bustani mshahara ulikuwa mdogo vile vile. Atakosa hoja ya vinyanya, atazua ya kuku.

Wako wengine wanaosema: chama kituachie, tukilima sana hatutahitaji kudai. Hao nao tunawaambia, jasho la mchana lina bei yake na jasho la jioni lina bei yake. Ukitoa la jioni ili kufidia la mchana, umefanya kazi mara mbili kwa malipo ya moja.

Na liko jambo la kina mama. Mara nyingi bustani ikianzishwa, baba ndiye anayeisifia na mama ndiye anayeimwagilia. Mama huyo mchana kutwa amechuma chai au amepalilia miwa kama sisi, jioni ana kuni, maji, sufuria na watoto. Ndugu wanaume, bustani ya familia ibebewe maji na familia. Mwanamume anayedai kikaoni kwamba mwajiri asimnyonye, kisha anakaa kwenye benchi huku mkewe akipanda kilima na jerikani, ana kesi ya kujibu nyumbani kwake.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo tunashauri kila tawi, katika mazungumzo yajayo, liweke mezani mambo haya matano, yaandikwe katika mapatano na kutiwa sahihi:

1. Nafasi ya bustani karibu na laini iwe haki ya mfanyakazi anayekaa humo, isiwe zawadi ya meneja anayempendelea huyu na kumnyima yule.

2. Mazao ya bustani ya mfanyakazi yasihesabiwe kamwe, wala yasitajwe, kama sehemu ya mshahara au sababu ya kupunguza nyongeza.

3. Kampuni ikitaka kuchukua nafasi hiyo, au mfanyakazi akihamishwa au kuachishwa, apewe muda wa kuvuna, au alipwe mazao yaliyosimama.

4. Bomba la maji lifike laini. Maji ni ya kunywa kwanza, bustani itapata yaliyobaki.

5. Siku za kupulizia dawa zitangazwe mapema, dawa isipulizwe upepo ukielekea kwenye nyumba, na madebe yote matupu yakusanywe na kampuni.

Madai haya hayamfilisi mtu. Mengine hayagharimu zaidi ya wino. Lakini yataonyesha mpaka ulipo: upande huu kazi tuliyomuuzia mwajiri, upande ule kazi tuliyojifanyia wenyewe.

Wajumbe wa matawi, katika mkutano ujao kila mmoja aje na vitu viwili. Aje na mbegu za vinyanya zilizokaushwa vizuri, tugawane, ili aliyehamia majuzi naye apate. Na aje na bei za vitu katika duka la karibu na kwao, za unga, maharage, sukari, sabuni na mafuta, zimeandikwa kwa tarehe. Mbegu tutazipanda nyuma ya laini. Bei tutazipeleka mezani.

Umoja ni nguvu.